Vitabu 66 au 73: Nani Aliyeihesabu Biblia?

Fundi wa kaburi alikuja na kipande cha karatasi na kalamu ya seremala. Msalaba wa saruji alishaumwaga, umekauka, umepigwa lipu. Alichokuwa anangoja ni maneno tu.

Tulikuwa Muheza, siku chache kabla ya arobaini ya bibi yetu mzaa mama, tumekaa barazani na sahani ya mahamri na mbaazi za nazi katikati yetu. Bibi alibatizwa Magila, pale Msalabani, akaishi na kufa Mwanglikana. Mama mkubwa aliolewa na Mkatoliki, na siku hizi anasali Tanga mjini. Mjomba mmoja alioa Lushoto, na watoto wake wote ni Walutheri. Mjomba mwingine ni Mwislamu, na ndiye aliyesimama na vijana kuchimba kaburi tangu alfajiri. Kwa mtu wa Tanga hakuna la ajabu hapo.

Mama mkubwa alisema maneno ya kuandikwa yanajulikana, ni yale yaliyosomwa siku ya mazishi: "Roho za wenye haki zimo mikononi mwa Mungu." Hekima 3, mstari wa 1.

Binamu yangu wa Lushoto akatoa simu, akafungua programu yake ya Biblia, ile Union Version. Nikamwona kidole kinashuka: Mithali, Mhubiri, Wimbo Ulio Bora, Isaya. Kikapanda tena, kikashuka tena. "Mama mkubwa," akasema kwa upole, "Hekima haimo." Kisha, kwa sauti ya chini zaidi: "Siwezi kumwandikia bibi kitu ambacho si Neno la Mungu."

Mama mkubwa hakubishana. Aliingia ndani, akatoka na Biblia yake nene, Habari Njema yenye vitabu vya Deuterokanoni, akaiweka mkekani ikiwa wazi. Maneno yapo. Ukurasa wenyewe umechakaa pembeni kwa kushikwashikwa kwenye misiba.

Mjomba Mwislamu akatua kikombe cha kahawa. "Sisi tunafundishwa kwamba nyinyi ni watu wa Kitabu," akasema. "Sasa Kitabu chenyewe kina vitabu vingapi?"

Lilikuwa swali la kweli, na kila mmoja pale barazani alikuwa na nusu ya jibu. Fundi aliombwa arudi kesho. Ninayoandika hapa ni yale niliyojaribu kuwaeleza ndugu zangu usiku ule, pamoja na mengine yaliyonijia baadaye.

Tuanze na hesabu. Agano Jipya halina ugomvi: Mkatoliki, Mwanglikana, Mlutheri, Mpentekoste na Mworthodoksi wa Ugiriki wote wana vitabu vilevile 27. Tofauti iko Agano la Kale. Biblia ya Kiprotestanti ina 39, ya Kikatoliki ina 46. Vinavyozidi ni saba: Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku, na viwili vya Wamakabayo, pamoja na vipande vya nyongeza ndani ya Esta na Danieli. Mkatoliki anaviita Deuterokanoni. Mprotestanti amezoea kuviita Apokrifa. Wayahudi wao huhesabu 24, lakini usishtuke, ni vilevile 39 vya Waprotestanti. Wao wanakihesabu Samweli kuwa kitabu kimoja, Wafalme kimoja, Mambo ya Nyakati kimoja, Ezra na Nehemia kimoja, na manabii wadogo wote kumi na wawili kitabu kimoja. Na ukivuka hadi Ethiopia, kanisa la kale la Kiorthodoksi linahesabu 81, kikiwemo kitabu cha Henoko.

Kuhusu vile saba kuna masimulizi mawili ambayo nimeyasikia tangu utotoni. La kwanza husemwa upande wa Kikatoliki: Martin Luther, Mjerumani aliyeanzisha mageuzi ya Kiprotestanti karne ya 16, alivichana akavitupa. La pili husemwa upande wa Kiprotestanti: Roma iliviongeza mwaka 1546 ili kumjibu Luther. Yote mawili si kweli, na ubaya wake ni kwamba kila moja linamfanya jirani kuwa mwizi wa Maandiko. Tofauti hii ni ya kale kuliko Luther kwa zaidi ya miaka elfu moja, na kwa sehemu kubwa ilizaliwa katika bara letu.

Wayahudi waliohamia Misri, hasa Aleksandria, baada ya vizazi kadhaa waliongea Kigiriki. Watoto hawakuelewa tena Kiebrania cha sinagogi. Kuanzia karne ya 3 KK Torati ikatafsiriwa Kigiriki, kisha polepole Manabii na maandiko mengine. Mkusanyo huo unaitwa Septuaginta, yaani "sabini", kwa sababu ya simulizi la wazee sabini na wawili walioifanya kazi hiyo. Ndani ya mzunguko huo wa vitabu vya Kigiriki ndimo vile saba vilimokuwa vikisomwa.

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu kimoja kati ya vile saba kinatuambia chenyewe jinsi kilivyofika kwa wasomaji. Yoshua bin Sira alikuwa mwalimu wa Yerusalemu aliyeandika kwa Kiebrania. Mjukuu wake alihamia Misri karibu mwaka 132 KK, akakitafsiri kitabu cha babu yake, na mwanzoni akaweka dibaji. Anawaomba wasomaji radhi: mambo yaliyosemwa kwa Kiebrania, anasema, hayana nguvu ileile yakihamishiwa lugha nyingine, na si kitabu chake tu, hata Torati na Manabii na vitabu vingine vinabadilika sauti. Aliyewahi kukalimani mahubiri kanisani, kutoka Kibondei au Kisambaa kwenda Kiswahili, anamwelewa mjukuu huyo bila kufafanuliwa.

Angalia pia alivyoyapanga maandiko: Torati, Manabii, na "vitabu vingine". Makundi mawili ya kwanza yana jina. La tatu halina jina maalumu. Torati ilikuwa imefungwa, Manabii nao karibu hivyo, ila kundi la tatu lilikuwa bado na mlango wazi. Yesu mwenyewe katika Luka 24:44 anataja Torati ya Musa, Manabii na Zaburi. Kanisa lilizaliwa wakati mlango ule haujafungwa kabisa, na hilo ndilo chimbuko la mjadala wetu wa barazani.

Wakristo wa kwanza wengi walisoma Kigiriki, kwa hiyo walirithi mkusanyo wa Kigiriki. Wayahudi, hasa baada ya hekalu kuteketezwa mwaka 70, walishikamana na vile vya Kiebrania. Wengine husema vile saba vilikataliwa kwa kuwa viliandikwa Kigiriki tu. Kwa baadhi ni kweli, Hekima kwa mfano, lakini si kwa vyote. Vipande vya Yoshua bin Sira kwa Kiebrania vilipatikana Cairo mwishoni mwa karne ya 19, na katika mapango ya Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, yaliyoanza kufumbuliwa mwaka 1947, Tobiti ilipatikana kwa Kiaramu na kwa Kiebrania.

Binamu alinikatiza hapo. "Na Agano Jipya je? Si waliamua Nikea, mfalme Konstantino akipiga muhuri?"

Hapana. Mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, uliofanyika Nikea mwaka 325 uliacha kanuni 20, na hakuna hata moja inayoorodhesha vitabu vya Biblia. Walikutana kwa ajili ya fundisho la Ario kuhusu Mwana wa Mungu, tarehe ya Pasaka, na nidhamu ya maaskofu. Konstantino baadaye alimwagiza askofu Eusebio wa Kaisaria amtengenezee Biblia hamsini kwa ajili ya makanisa ya mji wake mpya, na huenda simulizi lilichipukia hapo. Ila kuagiza nakala ni jambo moja, kuamua yaliyomo ni jingine.

Ilivyokuwa ni hivi. Tarehe 17 Julai mwaka 180, huko Karthago, Tunisia ya leo, Wakristo kumi na wawili kutoka mji wa Scillium walisimamishwa mbele ya liwali Saturninus. Walikuwa na kasha. Liwali akauliza mna nini humo, na Speratus akajibu: vitabu, na nyaraka za Paulo, mtu mwenye haki. Siku hiyohiyo wakakatwa vichwa. Hawa hawakuwa maaskofu wala wanazuoni. Hakuna mtaguso uliokuwa umewapa orodha, miaka 145 kabla ya Nikea, lakini walijua cha kubeba kwenye kasha.

Kabla yao, katika miaka ya 140, tajiri mmoja mwenye meli aitwaye Markioni alitokea Roma na orodha yake. Agano la Kale lote alilitupa, akabaki na Injili ya Luka aliyoikatakata, na nyaraka kumi za Paulo. Kanisa la Roma likamfukuza na kumrudishia fedha nyingi alizokuwa amelitolea. Orodha yake fupi iliwalazimu wengine waseme wazi wanachokisoma wao. Karibu mwaka 180 Ireneo, askofu wa Lyon, alishikilia kwamba Injili ni nne, si zaidi wala pungufu, kama pepo za pande nne za dunia.

Pembeni, hata hivyo, mambo hayakutulia haraka. Eusebio, mwanzoni mwa karne ya 4, aliandika kwa uwazi ambao nauheshimu sana: viko vitabu vinavyokubaliwa na wote, na viko vinavyobishaniwa, akataja Yakobo, Yuda, 2 Petro, 2 na 3 Yohana. Waebrania ulitiliwa shaka magharibi, na Ufunuo ukatiliwa shaka mashariki. Wakristo wa Syria kwa muda mrefu walikuwa na Agano Jipya la vitabu 22. Na kodeksi ya Sinai, kitabu cha kale kilichoandikwa kwa mkono, mojawapo ya Biblia kongwe kuliko zote tulizo nazo, ya karne ya 4, ina Waraka wa Barnaba na Mchungaji wa Herma baada ya Ufunuo. (Mjomba aliponiuliza kuhusu Injili ya Barnaba inayotajwa kwenye mihadhara, nilimweleza kwamba hicho ni kitabu tofauti kabisa: nakala yake ya Kiitalia ni ya karne ya 16, na ndani yake imo yubile (mwaka mtakatifu) ya kila miaka mia, desturi iliyoanzishwa na Papa Bonifasi wa Nane mwaka 1300. Aliuliza kwa heshima, nami nilijibu vivyo hivyo.)

Halafu likaja jaribio lililoigeuza orodha kuwa suala la kufa na kupona. Mwaka 303 mfalme Diokletiano aliamuru Maandiko ya Wakristo yakusanywe yachomwe. Afrika ya Kaskazini askari walipita nyumba kwa nyumba. Felix, askofu wa Thibiuca, aliulizwa kama anavyo vitabu. Akasema anavyo, ila hatavitoa, na akauawa. Waliovitoa waliitwa wasaliti, na jeraha la kuwapokea au kutowapokea tena liliugawa Ukristo wa huko kwa zaidi ya miaka mia moja. Hebu fikiria msomaji wa kanisa dogo anagongewa mlango. Akimpa askari kitabu cha dawa au barua ya kawaida, hana hatia. Akimpa Injili, amemkana Bwana wake. Mtu huyo hawezi kungoja wanazuoni wamalize mjadala. Kwangu mimi usiku wa namna hiyo unaeleza mengi kuhusu mamlaka ya Maandiko kuliko azimio la kikao chochote.

Orodha ya kwanza yenye vitabu 27 hasa, si zaidi wala pungufu, ni ya Mwafrika: Atanasi, askofu wa Aleksandria, katika barua yake ya Pasaka ya mwaka 367. Mitaguso ya Hippo mwaka 393 na Karthago mwaka 397, yote ya Afrika, ikaorodhesha hivyohivyo, na kwenye Agano la Kale ikavitia vile saba. Kwa hiyo anayesema vilitiwa mwaka 1546 amekosea kwa zaidi ya miaka elfu moja na mia moja.

Ila Atanasi mwenyewe, kwa Agano la Kale, alifuata karibu hesabu ya Kiebrania. Hekima, Yoshua bin Sira, Yudithi na Tobiti aliviweka kundi la pembeni: si vya orodha, bali vimewekwa na mababa wasomewe wanaojiandaa kubatizwa. Kwa hiyo anayesema Luther alianzisha shaka naye amekosea kwa miaka ileile.

Waliobeba pande hizi mbili kwa uzito mkubwa walikuwa Yeronimo na Agostino. Yeronimo alihamia Bethlehemu mwaka 386, akajifunza Kiebrania kwa Wayahudi, na akaanza kutafsiri Agano la Kale kwenda Kilatini moja kwa moja kutoka huko badala ya Kigiriki. Kadiri alivyozama ndivyo alivyoshawishika kwamba kisichokuwa kwenye Kiebrania hakistahili daraja lilelile. Tobiti aliitafsiri kwa siku moja tu, kwa kuombwa na maaskofu. Agostino, askofu wa Hippo, aliona hatari. Mwaka 403 alimwandikia Yeronimo habari za kanisa la mji wa Oea, ambao leo ni Tripoli. Askofu wa huko alisoma ibadani tafsiri mpya ya kitabu cha Yona, na ule mmea uliomfunika nabii, ambao watu waliujua kuwa mtango, Yeronimo alikuwa ameuita kwa jina la mmea mwingine. Kanisa likalipuka. Watu walipiga kelele kwamba Maandiko yameharibiwa, na askofu nusura abaki bila waumini.

Kwa mmea mmoja! Mimi siwabezi watu wa Oea. Walikuwa wamezikia wazazi wao kwa maneno yale. Mwaka 1952 ilipotoka Union Version, bila shaka walikuwepo wazee waliozoea tafsiri za zamani na sikio likakataa. Agostino alikuwa anamwambia rafiki yake kwamba Maandiko hayakai maktabani, yanakaa masikioni mwa watu wanaosali. Yeronimo alikuwa anamjibu kwamba masikio hayo nayo yanahitaji chemchemi safi. Kanisa la magharibi liliwatangaza wote wawili kuwa watakatifu na likaenda bila kuwapatanisha. Vile saba vikaendelea kusomwa kama Agostino alivyotaka, na katika kila kizazi akatokea msomi wa kukumbusha alichosema Yeronimo.

Ndipo akaja Luther. Mwaka 1519, mjini Leipzig, alijadiliana hadharani na Johann Eck, mwanateolojia Mkatoliki. Eck akitetea toharani, yaani kutakaswa kwa roho baada ya kifo, alileta 2 Wamakabayo 12, ambapo Yuda Makabayo anapeleka fedha Yerusalemu kutolewe sadaka kwa ajili ya askari waliokufa. Luther akajibu kwamba kitabu hicho hakimo katika orodha ya Kiebrania, kwa hiyo hakiwezi kuthibitisha fundisho. Hapo swali la wanazuoni likageuka silaha, kwa sababu sasa liligusa misa za wafu, rehema (ondoleo la adhabu za dhambi linalotolewa na Kanisa), na fedha.

Lakini hakuvitupa. Biblia yake ya Kijerumani ya mwaka 1534 inavyo vyote, vimepangwa katikati ya Agano la Kale na Jipya, chini ya maelezo kwamba havilingani na Maandiko Matakatifu ila ni vizuri na vyenye faida kuvisoma. Binamu yangu hakujua hilo. Wala hakujua kwamba Kitabu cha Concordia cha mwaka 1580, chenye maungamo ya Walutheri, hakina orodha ya vitabu vya Biblia popote. Kinasema Maandiko ndiyo kanuni pekee ya kupimia mafundisho, basi. Waliotoa orodha yenye majina ni ndugu zao wa upande wa Calvin, mwanamageuzi wa Geneva.

Mtaguso wa Trento, tarehe 8 Aprili 1546, ukafunga kwa upande wa Kikatoliki: vitabu vyote, vile saba vikiwemo, vipokelewe kwa heshima ileile. Orodha haikuwa mpya, mtaguso wa Florence ulishaitoa mwaka 1442. Jipya lilikuwa kwamba kuikataa sasa kulimtoa mtu nje ya Kanisa. Waanglikana wakapita kati. Kifungu cha 6 cha vile vifungu vyao 39 kinamtaja Yeronimo kwa jina na kusema vitabu hivyo Kanisa huvisoma kwa mfano wa maisha na mafundisho ya mwenendo, lakini halivitumii kusimamishia fundisho lolote.

Kwa hiyo pale barazani Muheza hakukuwa na aliyepotea. Mama mkubwa alisimama na Agostino. Binamu alisimama na Yeronimo. Na bibi, kupitia Magila, aliishi katika kile Kifungu cha 6 bila hata kukisoma, akisikiliza Hekima ikisomwa kanisani.

Swali moja lilibaki, na ndilo lililomgusa binamu zaidi. Ikiwa Luther aliviacha ndani na Waanglikana waliviacha ndani, nani alivitoa kwenye simu yangu?

Jibu liko London, na lina uhusiano na fedha za uchapaji. Chama cha Biblia cha Uingereza kiliundwa mwaka 1804 kusambaza Biblia duniani. Kwa Wakatoliki na Walutheri wa Ulaya kilikuwa kikisaidia kuchapa Biblia zenye Apokrifa, kwa sababu ndizo walizozizoea. Wafadhili wa Scotland, wenye msimamo mkali wa Calvin, wakaja juu: sadaka zetu hazitachapa kisichokuwa Neno. Baada ya mvutano mrefu, mwaka 1826 chama kikaamua fedha zake zisitumike tena kwa Apokrifa. Kuanzia hapo Biblia zilizopita mikononi mwake zilikuwa za vitabu 66.

Na Kiswahili kilikuja baada ya hapo. Mmisionari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na mwaka huohuo akaanza kutafsiri Mwanzo. Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana ileile iliyojenga Magila, alifanya kazi Unguja hadi kifo chake mwaka 1882, na Biblia nzima ya Kiunguja ikatoka mwaka 1891. Ya Kimvita ilikamilika mwaka 1914. Union Version, iliyoandaliwa itumiwe na makanisa ya pande zote za Kiprotestanti, Agano Jipya lake lilitoka mwaka 1950 na Biblia nzima mwaka 1952. Vizazi vitatu vya Waswahili Wakristo vilikua vikiamini kwamba Biblia ni kitabu chenye vitabu 66 kama vile wiki ilivyo na siku saba, kumbe nyuma ya hesabu hiyo kuna uamuzi wa bodi ambayo hakuna babu yetu aliyekaa ndani yake. Sisemi uamuzi ule ulikuwa na nia mbaya. Nasema tuujue, ili tusimhukumu jirani kwa kitu ambacho hata sisi hatukukiamua. Mwaka 1968 vyama vya Biblia na Roma vilikubaliana miongozo ya kutafsiri pamoja, na tunda lake mojawapo ni ile Habari Njema ya mama mkubwa: tafsiri moja, yenye toleo la vitabu 66 na toleo lenye Deuterokanoni.

Binamu alinyamaza muda. Kisha akauliza swali ambalo ndilo kiini cha yote. "Basi kama watu ndio walioamua, mamlaka ya Biblia inatoka kwa watu?"

Nilimjibu kwa mfano wa sonara. Nenda kwa sonara Tanga mjini na pete ya urithi. Ataisugua kwenye jiwe lake, aweke tone la dawa, akuambie ni dhahabu. Hakuifanya kuwa dhahabu. Ilikuwa dhahabu kabla hajazaliwa. Lakini bila yeye wewe ungeweza kuvaa shaba maisha yako yote. Kanisa lilifanya kazi ya sonara. Liliuliza: kitabu hiki kimetoka kwa mitume au kwa walio karibu nao? Kinakubaliana na imani tuliyoipokea? Kinasomwa ibadani kote, au mtaa mmoja tu?

Mpaka hapo Mkatoliki na Mprotestanti wanaweza kwenda pamoja. Wanaachana kwenye swali linalofuata: unajuaje kwamba sonara hakukosea? Agostino alisema asingeiamini Injili kama mamlaka ya Kanisa katoliki isingemsukuma. Mkatoliki anajengea hapo: Roho aliyevuvia Maandiko ndiye aliyemlinda sonara, kwa hiyo Maandiko na Mapokeo havitenganishwi, na Paulo mwenyewe aliwaambia Wathesalonike washike mapokeo "ama kwa maneno, ama kwa waraka wetu". Calvin aliyasoma maneno yaleyale ya Agostino akajibu kwamba Maandiko yanajithibitisha yenyewe, kama mtu asivyohitaji cheti kutofautisha nuru na giza, au tamu na chungu. Kanisa likiyapokea, alisema, linakiri kilichokuwa kweli tangu mwanzo.

Mimi naona kila mmoja ana swali ambalo hajalimaliza. Calvin anapaswa kueleza kwa nini ulimi wa Afrika ya mwaka 397 ulionja utamu katika Hekima, na ulimi wa Geneva haukuuonja. Mkatoliki anapaswa kueleza kwa nini mtu mtakatifu kama Yeronimo aliachwa karne nyingi akisema asemavyo bila kukemewa, kama jambo lilikuwa limekwisha. Na nafurahi kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulisema wazi kwamba mamlaka ya kufundisha haiko juu ya Neno la Mungu bali inalitumikia. Mlutheri wa Lushoto anaweza kuisoma sentensi hiyo na asihisi kwamba anasukumwa.

Asubuhi fundi alirudi. Mama mkubwa alisema yuko tayari kuacha, kama mtoto wa mdogo wake anaona uzito. Binamu akasema hapana, usiku ameisoma sura yote ya 3 kwenye ile Biblia nene, ila anaomba liongezwe na jingine: Zaburi 31, mstari wa 5, "Mikononi mwako naiweka roho yangu." Ndiyo maneno ambayo Yesu aliyasema msalabani. Mama mkubwa akayarudia taratibu, kisha akarudia ya Hekima, na sote tukasikia kwamba mkono unaotajwa ni ule ule.

Fundi akapima kwa shubiri, akasema mistari miwili inatosha. Juu Hekima, chini Zaburi. Akauliza kama aweke na namba za sura, na mjomba Mwislamu ndiye aliyejibu: aweke zote mbili, anayepita ajitafutie mwenyewe. Fundi akaandika polepole kwenye karatasi yake, akasimama katikati ya mstari wa kwanza, akatuuliza kama "wenye haki" ni neno moja au mawili.